Kibao cha Chini ya Saa

Mama Mshauri, shikamoo. Nipe neno kabla ya Jumamosi, maana roho inaniungua. Nimeolewa na fundi cherehani aliyefiwa na mkewe, nikamkuta na saa ndefu ya kale sebuleni, inanipita kimo, ina kipande cha shaba kinachobembea nyuma ya kioo, waliinunua yeye na marehemu, basi kila Jumapili anaivalia shati safi, anaitia ufunguo, anaipangusa taratibu kwa kitambaa laini, mimi nikiumwa kichwa ananiambia dawa ipo kabatini, na ikigonga tu anatabasamu peke yake, na tabasamu hilo, mama, mimi sijawahi kulipata. Sakafu yetu imeinama, kwa hiyo mguu mmoja wa saa umewekewa kibao chembamba, na aliniambia nikipiga deki nisikiguse, saa isije ikasimama. Nikakichomoa. Ikasimama. Akamwita fundi wa saa za mkononi, akachungulia, akapuliza vumbi, akasema huo ni uzee tu. Mume wangu akaiwekea kiganja, akasema, "Basi, na yenyewe imeniacha." Sasa kaiuza, Jumamosi mnunuzi wa samani kuukuu anaibeba, nami nilidhani nitapiga vigelegele, mbona chakula hakishuki? Kutwa anaitazama tu, cherehani imelala, na kibao ninacho, nimekifunga kwenye ncha ya kilemba changu.

Mke Mwenza wa Saa

Marahaba, mwanangu. Pole kwanza, kisha nikugombeze. Kuishi na mtu anayeichekea saa si kazi ndogo. Lakini umejitia uke wenza na mbao, na hata hapo hukupigana kwa haki, umemvizia mwenzio mguuni. Marehemu hana ugomvi nawe. Wa kuulizwa ni mumeo, na barua nzima sijaona ulipomwambia unaumia.

Halafu umejikomoa mwenyewe. Ilipokuwa inatembea, aliitazama Jumapili na ikigonga. Umeisimamisha, anaitazama kutwa.

Leo hii, usingoje Ijumaa, fungua kilemba umpe kibao mkononi. Usimdanganye kwamba umekiokota ukifagia. Sema ulikichomoa kwa wivu, na akifoka mwache afoke, ana haki. Mnunuzi aambiwe asije. Jumapili ikifika, vaa na wewe nguo safi, umwombe ufunguo akufundishe kuitia. Akisita, usinune wala usikimbilie chumbani. Mwambie umechoka kuwa mgeni sebuleni kwako, kisha unyooshe mkono na uuache hapo hapo mpaka akupe.