Namna ya Kuomba Ukweli kwa Kitaliano

Yaya Ngoie, mukubwa wangu,

Mama analala muzuri? Mugongo ya baba inaendelea namna gani? Na weye mwenyewe, na batoto? Mie niko muzima, Mungu iko, ila baridi njo inanitesa: asubuhi vidole vinakataa kushika kalamu.

Unajua bakubwa ba mine, kule mugodini, balinituma huku Italia nijifunze kuongoza bale banaoingia chini kuokoa benzabo wakati ya moshi. Nilizania nitafundishwa mashini. Kumbe somo yenye kunishangaza iko maneno.

Muwalimu wetu, muzee wa mikono mikubwa, alituambia: kila muntu ataongoza ekipi siku yake, na akimaliza atasimama mbele ya benzake abaombe, kwa heshima, bamwambie balionaje kazi yake. Akaandika ku tableau: *Che ne pensate?* Munaonaje, nyie bote? Na ingine, ndefu: *Se non vi dispiace, ditemi dove ho sbagliato.* Kama haibasumbue, muniambie fasi nilikosea.

Nilicheka, yaya. Nikamwambia: "Muwalimu, kwetu tunaitana bote *citoyen*, mwananchi, lakini shefu iko shefu. Akiuliza vile, kesho nani atamusikia?"

"Uongoze kwanza," alinijibu.

Siku yangu balijaza moshi ya mazoezi mu galeri, njia ya chini ya mugodi. Tuliingia mbio, tukamutoa mwenzetu aliyelala kama mugonjwa. Nilijiona simba! Nikasimama, nikasema ile sentensi ndefu, ulimi ikajikwaa. Nikarudilia polepole.

Efisio, muntu wa kisiwa asiyependa kusema, akanyanyua mukono. "Uliongoza muzuri. Lakini pa kona kamba yenye tunashikilia bote iliniponyoka. Nilikuita, hukugeuka. Nilibafuata kwa kupapasa ukuta."

Efisio hakuwa na kasirani. Hakuna aliyenicheka. Nikasema *grazie*, akanipa mukono.

Kesho yake tukaingia tena. Sasa pa kila kona niliita majina, na kila muntu aliitika. Wakati ya kurudi nikaita jina ya muwalimu, aliyekuwa anatufuata nyuma. Hakuitika. Nikaita tena. Kimya. Tukageuka bote, tukamukuta ameanguka, maski imemutoka ku uso. Tukamubeba mpaka inje, yaya, mie na Efisio.

Balimufunika bulanketi, ambulansi ikaitwa. Alikohoa, akafungua macho, akatuangalia mumoja mumoja. Nilizania ataomba maji. Akasema kwa sauti ndogo: *"Se non vi dispiace, ditemi dove ho sbagliato."*

Efisio akapiga magoti karibu naye. "Muwalimu, tangu juzi unakohoa. Hukupaswa kuingia."

Muzee akainamisha kichwa. *"Grazie,"* akasema.

Yaya, tangu nizaliwe sijaona ukubwa ya namna ile. Nilitoka pembeni, nikalia. Sasa amepona, amerudi mu darasa. Efisio anamukataza kuingia chini, naye anamusikia.

Umusalimie mama, na baba mukimaliza sala ya mangaribi. Umusalimie shemeji, na shangazi wa Kasenga anayetuletea samaki: umwambie huku samaki iko, lakini haina utamu ya mukono yake. Mungu abalinde bote mu ile nyumba ya Naviundu.

Ndugu yako mudogo anayekukumbuka sana,
Kabange