Dashi Mahali pa Mama

Jumatatu, 1996. Kericho.

Mvua ya mawe imepiga mabati tangu saa nane, sasa kumetulia na baridi imeingia kwenye mifupa. Nimejifungia bwenini. Kichwa hakiniumi, nilimdanganya matroni.

Asubuhi Madam wa saikolojia aliturudishia fomu tulizojaza wiki yetu ya kwanza hapa chuo cha ualimu. Unatoka wapi, wazazi wanafanya kazi gani, unataka kuwa nani. Kesho kila mtu atasimama aseme nini kimebadilika kwa huu mwaka mmoja. Wenzangu wamejicheka sana. Chepkoech, ninayelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu, aliandika kwamba atarudi kufundisha kwao Sigor. Siku hizi ni Nairobi tu mdomoni.

Mimi sikucheka. Fomu yangu ina neno moja la wino mwekundu.

Siku ile, penye kazi ya mama, Chepkoech aliandika mwalimu. Msichana wa mbele yangu, nesi. Mama yangu huchuma chai, kikapu mgongoni tangu sijazaliwa, lakini mkono ulikataa kuandika. Nikaweka dashi. Madam alipopita akikusanya, aliinama akaniuliza kwa huruma kama mama ni marehemu. Mimi na aibu zangu. Nikaitikia kwa kichwa.

Akaliandika neno hilo mwenyewe, kwa kalamu yake nyekundu.

Basi nikawa nusu yatima. Kikundi cha maombi kikaniwekea mikono kichwani. Chepkoech akanigawia sabuni yake muhula mzima. Ningeanzia wapi kukanusha?

Juzi Jumamosi mama alikuja bila kutuma habari, kutoka kambi ya wafanyakazi kule shambani. Alibeba mahindi na maharagwe kwenye kopo, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Chepkoech alikuwa kando yangu. Nikasema, huyu ni mama mdogo.

Chepkoech akamshika mikono yote miwili. "Pole sana, mama, kwa dada yako. Achieng' tunamwombea kila Jumatano."

Mama alinitazama mara moja tu.

"Asante, mwanangu. Mungu awabariki."

Akakaa nasi saa nzima, akiwa mama mdogo. Hata alisema dada yake alikuwa mtu wa kucheka. Nilimsindikiza hadi langoni. Hapo akaniuliza kwa Kijaluo, sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia:

"Nilikufa na nini? Niambie, nisije nikakosea siku nyingine."

Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tangu hapo sauti hiyo hainiachi. Nikipiga mswaki, iko. Darasani, iko. Jana kanisani walipomtaja mama kwenye maombi, nilifungua macho nikatazama mlango.

Leo nimeisoma fomu mpaka chini kabisa, mahali ambapo nadhani Madam hakufika. Penye malengo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Kumtoa mama kwenye chai.

Nimelikata lile neno jekundu. Juu yake nimeandika: Anachuma chai. Yuko hai.

Kuandika ni rahisi. Karatasi haina macho.

Nasikia viatu vya Chepkoech koridoni, anakuja kuniuliza kama nimepata nafuu. Nitafungua mdomo, au nitaitikia tena kwa kichwa?