Anwani Yenye Jina la Baba

Kongowe, Kibaha

Baba mdogo Ally, shikamoo. Shangazi Mwanamvua na ndugu zangu mliokutanika Kurui, nawasalimu kwa heshima. Huku mvua imeanza, na watoto ni wazima.

Mmeniuliza anwani ya tovuti ya korosho zetu iishie na nini. Pazi anataka ".com", kwa kuwa inajulikana duniani kote. Mimi nashauri ".co.tz", kwani wanunuzi wetu wako Mlandizi na Dar es Salaam, nao watajua kwamba tupo karibu. Mtani wetu Ndaki, fundi wa tovuti, alinikejeli: "Ninyi Wazaramo, hata anwani mnaipigia ngoma kwanza!" Tukacheka. Kisha akanionyesha kwamba ile ya ".com", yenye jina la marehemu baba, imekwisha kusajiliwa. Mmiliki ni Pazi peke yake. Siku akitaka kuiuza, ukoo hautakuwa na la kusema.

Pazi, mdogo wangu, najua wazee wamekukabidhi wewe barua hii uwasomee, kama ilivyo desturi yetu. Usiuruke mstari huu. Usome kwa sauti, kisha uwaeleze mwenyewe.

Mimi binti yao, na dada yako,
Maulida