Mpira Hauvuki Kamba Tena, na Mimi Nimeambiwa Nirudi

Mpendwa Bi Anastasia, shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi basi marahaba. Naomba msaada, maana nina jambo limenikaa kifuani na hapa Stanmore sina wa kumwambia.

Mimi ni Mhindi wa Tanga, nina miaka hamsini na saba, nilikuja Uingereza mwaka sabini na mbili, na kila Jumapili ya kiangazi nacheza kriketi kule Harrow na wenzangu tuliotoka Afrika Mashariki, na si kujisifu, Bi Anastasia, lakini mpigaji nilikuwa mimi, waliniita Radi, nilipokuwa kijana Tanga niliupiga mpira ukatua juu ya paa la ghala la mkonge, na hapa nilikuwa naupitisha juu ya kamba ya mpaka, juu ya uzio, hadi kwenye bustani za mboga za watu, wazee wa Kizungu wakiniona naingia wanahamisha viti vyao. Mpira ukivuka kamba hukimbii, unasimama tu unapigiwa makofi, basi mimi miaka yote hiyo sikukimbia.

Sasa nguvu zimeniisha. Napiga vilevile, kwa jicho lilelile, nausikia kabisa mpira umelia vizuri kwenye gongo, halafu unachoka njiani na kuanguka mikononi mwa mtu. Nimenunua gongo jepesi, wapi! Naminya mpira wa raba kila siku mbele ya televisheni, wapi!

Mke wangu Champa alifariki mwaka juzi. Nyumbani tulisema Kigujarati, lakini Jumapili nikitoka na begi alikuwa ananiambia kwa Kiswahili, "Rudi mapema," na tangu afe hakuna mtu duniani anayeniambia rudi. Mwanangu Vijay nikimsemesha ananijibu "yes, Dad" huku anaangalia saa. Kiswahili changu kimebaki uwanjani tu, kwa sababu sisi wapigaji wawili tukikimbia kubadilishana mistari tunaitana kwa Kiswahili ili wapinzani wasielewe: njoo, ngoja, rudi.

Basi wiki tatu zilizopita nilipiga, mpira ukadondoka karibu, aibu ikanishika, nikakurupuka kukimbia, na Avtar, Kalasinga wa Moshi, rafiki yangu wa miaka kumi na sita, aliyekuwa anacheza nami upande wa pili, akanipigia kelele mbele ya watu wote, "Rudi! Rudi, mzee, rudi!" Niliganda katikati. Nikajua wamenichoka. Nikatolewa mchezoni palepale, nami sikusimama, nikachukua begi nikapita moja kwa moja hadi stesheni, vikinga miguu bado nimevifunga, watu kwenye treni wananitazama. Tangu siku hiyo simu inalia siipokei, maana nitasema nini? Jumapili nakaa jikoni nasikiliza friji inavyonguruma. Je, niwaandikie barua ya kujiuzulu, au ninyamaze tu wanisahau?

Aliyekuwa Radi, Stanmore

Bwana Radi,

Shikamoo, maana umenizidi, ila kidogo tu, usijitape.

Pole sana kwa Champa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa, na wewe umelificha katikati ya magongo. Hapa Woolwich nawajua wengi wanaokula wamesimama kwa sababu hakuna wa kukaa naye mezani. Upweke si mchezo, na wala hukosei kuulilia.

Sasa nikugombeze. Kriketi siijui, mimi nilicheza rede na netiboli, ila Kiswahili nakijua. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu, nisamehe. Si wewe mwenyewe umeandika kwamba mkikimbia mnaitana njoo, ngoja, rudi? Haya, Avtar alisema nini? Rudi! Rudi wapi, Stanmore? Rudi kwenye mstari wako, baba, usije ukatolewa! Mwenzio anakuokoa, wewe unafungasha! Miaka yote hukukimbia, ndiyo maana hata lugha ya wanaokimbia huielewi. Na hilo la "mzee" ni heshima, au London imekusahaulisha?

Nguvu hazirudi, sikudanganyi. Huo mpira wa raba tupa. Wasio na nguvu hupiga karibu, wakasikilizana na mwenzao, wakakimbia. Jifunze, hujachelewa. Magoti yakigoma, kaa pembeni kwenye viti vya hao wazee uliokuwa ukiwatisha, uwapigie wenzio makofi waliyokupigia wewe.

Barua ya kujiuzulu usiandike, stempu uliyoniwekea mimi imetosha. Simu ikilia leo, pokea. Isipolia, piga wewe, useme, "Avtar, sikukuelewa." Maneno mawili, hayajamuua mtu. Na Vijay mburute siku moja uwanjani, akusikie baba yake unavyoongea ukiwa na watu wako.

Umesema tangu Champa afe hakuna duniani anayekuambia rudi. Yupo. Alikuambia mara tatu, mbele ya watu wote, wewe ukakimbilia stesheni. Basi na mimi naongeza ya nne: Jumapili hii, rudi.