Chumvi ya Mkono Wako

Mpendwa wifi yangu,

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, zile ulizokuwa ukinicheka kwamba kuku akichakura huandika vizuri zaidi. Barua hii haina njia ya kukufikia. Wewe uko ng'ambo ya Ruvuma, Mungu akipenda, nami ningali ndani ya waya.

Unakumbuka tulipotolewa pwani tukaletwa hapa kwenye aldeamento, kijiji cha Wareno kilichozungushiwa waya, geti moja na askari mchana kutwa? Hata chumvi tulipimiwa, wakiogopa tutawapelekea ndugu walioko porini wakipigana nao. Kwangu chumvi ilikuwa na jambo lake zaidi. Mwanamke akiwa mwezini hatii chumvi chunguni, mumewe asije akaugua kifua. Wenzangu hukaa siku chache wakamaliza. Yangu damu haikuwa na adabu, na maumivu yalitangulia kuja yakachelewa kuondoka. Basi ulikuwa ukiingia jikoni kwangu bila hodi, unatia chumvi, kisha unanikanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto. "Leo pabaya, wifi?" Unauliza hivyo tu, nami sina haja ya kujieleza.

Wengine nilijieleza kwao mpaka nikachoka. Enfermeiro, yule muuguzi wa posto ya Wareno, alinibonyeza tumbo akasema, "Huna kitu, mama. Ni nervos, mawazo tu." Mama yako alisema ni jini; jini lilipogoma kupungwa, akasema ni uvivu. Mwisho nikaanza kujiuliza kama kweli nalala chini kwa kupenda. Hata siku nzuri sikuzifaidi, maana nilizikaa nikingoja mbaya.

Asubuhi ile ulininong'oneza, "Tukitoka kwenda shamba, haturudi." Nilijifunga kanga mbili za safari, nikafika getini nimejikunja, mgongo haunyooki. Ulinishika mkono. Nikakwambia nenda, nitakuchelewesha ukamatwe. Ukaenda. Sikukulaumu wewe, wala waya sikuulaumu. Nililaumu tumbo langu, na hilo linanitisha mpaka leo.

Ulipoondoka, siku zangu zikifika kaka yako akawa anatia chumvi mwenyewe sahanini, uso ameuelekeza ukutani. Nikachoshwa na ule uso. Siku moja, maumivu yamenishika barabara, nikatia chumvi chunguni kwa mkono wangu. Akaonja, akatabasamu.

"Alhamdulillahi, mke wangu. Umepona."

Nilitega sikio nisikie kikohozi, siku hiyo na zilizofuata. Hakukohoa, ni mzima kabisa. Tangu hapo natia mwenyewe kila siku. Nyumba imetulia, na mama yako ananisifu kwa majirani. Mimi nakaa jikoni nimeuma upindo wa kanga, na ndani ya waya huu hakuna tena mtu anayejua kwamba naumwa.

Umebaki wewe tu unayejua. Usife, wifi yangu.

Ni mimi,
mke wa kaka yako