Linka imenyamaza, mayai yapo Koboko

Alhamisi, jioni inakaribia. Mvua imeanza mchana na haijaacha. Si ya radi wala ya fujo, inanyesha tu, na kutoka mlangoni mwa duka langu kilima cha Arua hakionekani.

Kazi ya Koboko nimeimaliza jana. Leo ningepaswa kuwa nakunywa chai na kujisifu. Badala yake kuna kitu hakijakaa sawa.

Wacha niandike kwa utaratibu, labda nitajua kinachonisumbua.

Hajati Sauda ni mjane, anakaa Koboko upande wa kwenda Abuku. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa redio jeshini. Alipostaafu alijenga mashine ya kuangulia mayai, kabati kubwa la mbao lenye hita na feni ndani, halafu akaiandikia programu kwa lugha ya C, ya kompyuta za DOS za zamani zile. Kompyuta inasoma kipima joto kilichomo kabatini. Joto likishuka inawasha hita, likipanda inaizima. Basi. Wanawake wa jirani huleta mayai yao, kila mama anachora alama yake kwa mkaa: huyu duara, huyu msalaba, huyu mistari miwili. Vifaranga wakitoka, ugomvi wote unaamuliwa kwa maganda.

Kabati hilo liko ndani ya nyumba. Nyuma ya ukuta wake wanalala wajukuu wa Hajati, na nyumba ni ya nyasi juu.

Kompyuta ya marehemu ilikufa. Mimi, Candiru, ambaye wazazi walinipa jina la taabu na bado wanashangaa nikizipata, nikamtafutia nyingine kuukuu hapa mjini. Lakini kwenye hii, tundu la waya wa kipima joto lina anwani tofauti na ile ya zamani, na anwani iliandikwa ndani ya programu yenyewe. Kwa hiyo ilibidi kuijenga upya kutoka kwenye kodi, yale maandishi yake ya asili. Hajati akaniletea disketi tatu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mbili zilisomeka. Ya tatu ilikuwa imeota ukungu, nikaipangusa, nikaibembeleza, ikakataa.

Kwa msomaji asiyejua mambo haya: kompaila hutafsiri kila faili peke yake, haijali mengine. Linka ndiyo inayokuja mwisho kuunganisha vipande viwe programu moja. Kipande kimoja kikiita jina na mwenye jina hayupo, linka inagoma. Ni kama msimamizi wa harusi anayesoma majina ya ukoo mlangoni, na akikosa mmoja, hakuna kuingia.

Ilianza kugoma kwa hesabu za desimali. Kosa langu, nilisahau kuipa maktaba ya hesabu, yaani faili la hesabu zilizoandikwa tayari. Nikaiongeza, ikatapika makosa ukurasa mzima, kwa sababu vipande nilivitafsiri kwa mpangilio mkubwa wa kumbukumbu na maktaba niliyoipa ni ya mpangilio mdogo. Nikafuta vyote, nikaanza upya, vyote kwa mpangilio mmoja. Makosa yakapungua, yakapungua, nikaanza kuimba.

Likabaki moja. Undefined symbol _linda. Yaani kuna funksheni inaitwa linda, programu inaiita, na haipo popote. Bila shaka ilikuwa kwenye ile disketi ya ukungu.

Na Hajati anapiga simu. Wanawake wameshaleta mayai, wengine kutoka mbali, na mayai hayakai siku nyingi yakisubiri fundi wa Arua. Mmoja ameleta ya kuku wake wote, maana ugonjwa umeua jogoo na hatapata mengine.

Nikafanya ambacho mafundi wote hufanya na hakuna anayekisema. Niliandika linda mwenyewe, tupu. Jina, mabano, hakuna kitu ndani. Ikiitwa, inajibu kwa kutofanya lolote. Funika kombe mwanaharamu apite.

Linka ikanyamaza.

Nilijaribu mezani hapa dukani. Badala ya hita nilifunga taa. Nikaegemeza kipima joto kwenye birika la moto, taa ikazimika. Nikakitia kwenye maji ya mtungi, taa ikawaka. Nikaona hiyo linda ilikuwa pambo tu, pengine kengele, pengine salamu fulani ya mzee. Jana nikaenda Koboko, nikafunga kila kitu, mayai yakapangwa, wanawake wakapiga vigelegele, nikalishwa mpaka nikashindwa kufunga mkanda.

Sasa nimeifungua kodi tena hapa, ili ninakili ule mstari unaoiita linda, niwaonyeshe jinsi mzee alivyoandika kwa unadhifu. Linda inaitwa baada ya kusoma joto na kabla ya kugusa hita. Ndani ya mabano mzee alikuwa ameipa kitu. Nilikiona wiki yote na sikukisoma.

mara_sifuri.

Ni hesabu ya mara ngapi kipima joto kimejibu sifuri.

Kipima joto hakijibu sifuri Koboko. Koboko haina baridi hiyo. Kinajibu sifuri wakati waya wake umekatika. Na programu ikiona sifuri inadhani mayai yanaganda, inawasha hita, na haiizimi tena mpaka mbao zishike moto. Linda ndiyo ilikuwa inazima. Nyumba za huku zote zina panya, na panya hawaachi waya. Mzee alijua hilo, mimi pia nalijua, nimezaliwa kijijini Adumi.

Mezani nilijaribu joto na baridi. Kuuchomoa waya sikujaribu.

Nimeacha kuandika, nampigia.

*

Nimerudi. Naandika mbio, mnisamehe makosa ya herufi.

Alipokea kwa furaha. Akasema, "Ah, fundi yangu! Mashine iko nafanya kazi muzuri kabisa. Leo moto yake iko mingi kupita siku zote."

Nikamuuliza namba kwenye kioo ni ngapi.

"Iko naandika sifuri. Sifuri tu, tangu tulikula."

Nikamwambia, Mama Hajati, toka nje na watoto, wako wapi watoto?

"Iko hapa na mimi. Mvua ilikuwa nasumbua wao na baridi, nikatandika mukeka hapa karibu na mashine. Wao iko nalala muzuri, mwanangu, usiwe na wasiwasi."

Sikumbuki vizuri nilivyopiga kelele. Mwenye duka la pili alikuja kuchungulia. Nilimwambia Hajati chomoa waya wa ukutani, sasa, mara moja, toa watoto. Halafu akauliza, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Nizime? Na mayai ya watu?"

"Yatakufa, Mama. Mimi mwenyewe nitakuja kuwaambia. Makosa ni yangu, si yako, si ya umeme. Zima."

"Yule mama wa jogoo, nitamwambia nini?"

"Mwambie ni Candiru. Zima, nakuomba, zima."

Nikasikia anatembea. Nikasikia kitu kinasukumwa sakafuni. Kisha akarudi kwenye simu na sauti ya upole kabisa.

"Haya. Nimezima."

Nyuma ya sauti yake feni ya kabati ilikuwa bado inazunguka.

Nikasema, Mama, naisikia feni. Simu ikakatika. Nimepiga tena, inaita tu. Nimepiga tena. Namba ya jirani yake yeyote sina, kwa wiki yote sikuona haja ya kuiomba.

Namjua huyu mama sasa. Si mwongo. Ameona mayai ya majirani zake, ameona na fundi aliyepaniki kwa simu, na amechagua kunituliza mimi. Kwa nini aniamini? Jana nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo huu, kwamba mashine imepona na asiiguse.

Shemeji yangu ana gari. Ameenda kuweka mafuta, ndiyo maana naandika, kwa sababu nikikaa bila kufanya kitu nitapiga ukuta. Lami mpaka Koboko ni nzuri, lakini mvua hii inakwenda njia moja na sisi. Nachapisha hivi hivi bila kusoma tena. Kama uko Koboko, upande wa Abuku, na unamjua mjane mwenye mashine ya mayai, kimbia ukamchomolee waya, utukanwe, umwambie nimekutuma.

Honi hiyo, amefika.

Ee Mungu, sijawahi kukuomba kazi yangu iharibike. Leo naomba. Nikifungua kabati lile, nikute mayai yote yamepoa.