Usilikalie Tandiko la Baba

Karakanani,
Mtaa wa nyuma ya soko,
Jumanne, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko milimani uliko. Hujambo? Mgongo haujambo? Na hayo makalio uliyoyalilia kurasa mbili nzima katika barua yako, yamepoa? Mimi mzima wa mwili. Nakula, nalala, nashona. Mpwa wako naye hajambo, amerefuka mpaka gauni la shule limekuwa blauzi. Baba yupo. Habari zake nitakueleza, ila kwanza nina neno.

Kama tandiko alilokutumia Baba limeshafika, usilipande. Nimeliweka hili mwanzo kwa sababu nakujua, wewe ni mtu wa kusoma barua nusu ukaitia mfukoni. Usilifunge juu ya farasi wako wala wa mwenzako. Liache ndani ya gunia lake, halafu rudi hapa usome sababu.

Tangu Alhamisi nakupigia simu hupatikani. Najua mkishapanda huko juu kutembeza wageni kwa farasi mtandao hakuna. Lori lililobeba mzigo linasimama kila mji kushusha, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi aiache ofisini kwenu. Naomba Mungu iwahi.

Wewe uliuliza jambo dogo tu, maskini. Uliandika kwamba unakaa juu ya farasi saa sita, saa saba kwa siku, ukishuka unatembea kama bata, na ukataka nikushauri uchague tandiko gani la safari ndefu lisilokutesa. Kosa langu ni kuisoma barua hiyo mbele ya Baba. Nilidhani atacheka yaishe. Alicheka kweli, akasema huyu tangu utotoni ana makalio ya kukalia mito. Kesho yake asubuhi nikamkuta karakanani, amevaa aproni yake ya ngozi, anapima mbao za kiunzi cha tandiko. Alikuwa hajakanyaga humo miezi minane.

Miezi minane ni tangu tumzike shemeji yako. Sasa nakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi ambaye unajua anavyochimba.

Hukuwahi mazishi, nikakueleza kwa simu kwamba yule farasi jike wake alishtushwa na nyoka kwenye mteremko. Nilikudanganya. Niliwadanganya wote. Nyoka hakuwepo. Walipomrudisha farasi, watu wote walikuwa ndani wanalia, nikamfungua tandiko mwenyewe uani. Chini yake, karibu na uti wa mgongo, palikuwa na ncha ya msumari. Ulitokea kwenye kiunzi, ukapita kwenye sufu ya kujazia, ukatoboa ngozi ya chini. Kwenye njia tambarare haukumfikia sana. Waliposhika mteremko uzito wote ukaja mbele, ukamwingia mnyama nyamani, akapagawa. Mume wangu akatua kwenye mawe. Tandiko lilikuwa jipya, siku ya tatu tu. Alilitengeneza Baba.

Unakumbuka utaratibu wa karakana yetu. Tandiko likiisha linageuzwa juu chini, Baba anafumba macho, anapitisha kiganja kitupu mara tatu, polepole, kwa maana jicho linaweza kupumbazwa na ngozi inayong'aa. Akisema limepita, limepita. Baada ya mkono wake hakuna mkono mwingine. Unakumbuka ulivyolambwa kofi siku ulipopitisha wako kwa mchezo? Hapa kwetu kufanya hivyo ni kumwita mtu mzima mwongo mbele za watu.

Lakini ugonjwa wa sukari ulishamwingia mikononi. Ulianza na miguu, tukawa tunaangalia miguu tu, kumbe vidole vya mikono navyo vinakufa ganzi kimya kimya. Miezi miwili kabla ya msiba nilimwona kwa macho yangu haya akiinua kopo la nta inayochemka, kwa mikono mitupu, akalibeba mpaka mezani huku akinisimulia habari za bei ya ngozi. Harufu ndiyo iliyomwambia kwamba anaungua. Nilimpaka dawa, nikamfunga kitambaa, akaniambia nisimtangaze. Sikumtangaza.

Basi alipopitisha kiganja chini ya tandiko la mume wangu, nilikuwa nimesimama palepale na sindano mkononi. Nilijua mkono ule hausikii kitu. Akasema limepita, mume wangu akamshukuru, wakapeana mikono. Mimi niliona haya. Mdogo wangu, niliona haya kumwaibisha baba yangu mbele ya mkwewe, nikainamisha kichwa nikaendelea kushona. Kila siku nikiamka hilo ndilo la kwanza kunijia.

Msumari ule niliung'oa kwa koleo nikautupa chooni. Tandiko nililichoma moto, nikamwambia Baba siwezi kuliona tena machoni. Akasema ananielewa, nisijali, ni mali tu.

Sasa turudi kwenye lako. Wiki tatu amelifanyia kazi, anaimba. Nilimwomba nimpigilie misumari, akanijibu, "La mwanangu nalimaliza mwenyewe, wewe shona." Nikajisemea, sawa, atakapolala mchana nitaligeuza nilikague. Ebo! Mzee akahamishia kitanda cha kamba karakanani, akawa analala mkono wake juu ya tandiko. Alhamisi nikaenda hospitali kumchukulia dawa, foleni unaijua. Narudi, meza tupu. Alimwita mpakiaji wa duka la jirani, wakalifunga gunia, likapelekwa. Nilikimbia mpaka stendi ya malori, ndala moja nikaipoteza njiani, lori limeshaondoka. Nikarudi nyumbani nikamkuta amekaa mlangoni na chai yake, anatabasamu peke yake. Sijamwona hivyo tangu Mama atutoke.

Nikaingia kuangalia makopo ya misumari. Misumari mifupi, ile inayopigwa kwenye kiunzi, kopo lake limejaa vilevile, kifuniko kimeshika kutu kama nilivyokiacha. Ile mirefu ya kufungia makasha imepungua karibu nusu ya kopo. Macho yake hayaoni tena vya karibu, siku zote aliitofautisha kwa vidole. Sasa sijui ni mingapi imetokeza. Labda hakuna hata mmoja. Labda iko ndani ya sufu inangoja mtu mwenye kilo zako akae wiki moja.

Kwa kuwa uliuliza kuhusu kuchagua, na hii ndiyo kazi yangu, nakujibu. Nenda kwa fundi yeyote aliye karibu nawe, lakini usinunue tandiko kwa kulikalia juu ya gogo la dukani. Hapo yote ni matamu. Lile laini kama godoro ndilo likimbie kabisa, kwa sababu ikifika saa tano sufu imeshalala na mifupa yako imekutana na mbao. Chukua lenye kiti kigumu kiasi, kipana pale mifupa miwili ya makalio inapokaa. Wewe mifupa yako iko mbalimbali, umemrithi Mama. Vikuku vya kukanyagia vining'inie chini yako sawasawa, visikuvute miguu mbele, maana huo mgongo wako unaumia kwa ajili hiyo na si kwa uzee kama unavyojidai. Kisha mwambie fundi alifunge juu ya farasi wako mwenyewe, bila blanketi. Simama nyuma yake uchungulie. Ukiona mwanga unapita juu ya uti wa mgongo mpaka mbele, sawa. Usipouona, lirudishe. Paka chaki upande wa chini, mpande robo saa, shuka utazame mgongo wa mnyama. Chaki ienee sawasawa. Ikikusanyika mahali pamoja, hapo ndipo atakapoumia, naye akiumia utajua wewe. Na pitisha mkono chini. Wako, wa fundi, wa mpishi wenu, wa kila mtu aliye karibu. Asije mtu akakuona haya.

Sasa ombi langu. Tandiko la Baba likifika, chukua kisu ukate ukanda wa tumbo na mikanda yote miwili ya vikuku, uikate katikati ili isishoneke tena. Nakujua una huruma, na wenzako wana macho. Ukiliweka pembeni zima atatokea mmoja kuliazima siku moja tu, na lile ni zuri, usione nakutisha. Ngozi ameinakshi majani pembezoni, kazi ambayo hakuwahi kunifanyia hata mimi. Likate hivyohivyo.

Ukishalikata, mwandikie Baba kwamba umelipanda na ni zuri. Mwambie huumwi tena. Kila basi likiingia ananiuliza kama kuna barua. Daktari ameniita pembeni, akaniambia mguu utabidi ukatwe, na figo nazo si nzuri, na nisimpangie mzee mambo ya mwakani. Hana kingine anachosubiri ila hicho. Najua nakutwisha mzigo mzito. Sina mtu mwingine wa kumtwisha.

Tafadhali nisalimie wenzako wote, hasa yule mpishi mcheshi aliyetuandikia salamu pembeni mwa barua yako. Shangazi anakusalimu, anauliza utaoa lini, nami nimemjibu utaoa ukiweza kukaa. Mpwa wako anakusalimu sana, mjomba wake kipenzi. Anataka kujifunza kupanda farasi na mimi kila siku namwambia kesho.

Nilikuwa natafuta bahasha, Baba ameingia. Ameegemea fimbo, ameuliza kama ni wewe ninayekuandikia, akavuta kiti akakaa, akasema niandike maneno yake. Nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie kiti nimekiacha kipana, namjua alivyo. Mwambie asinifiche kitu. Kama linaumiza, yeye au mnyama, aniambie ni wapi, nife nikijua. Humu ndani siku hizi hakuna anayeniambia neno."

Kisha akataka nimsomee nilichoandika. Nimemsomea mistari hiyo yake tu. Akaitikia kwa kichwa, akatoka, na mimi nimekaa hapa nalia kama mjinga juu ya karatasi, utaona wino ulivyovuja.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mimi nimekuomba umdanganye, yeye amekuomba ukweli, na maombi yote mawili yako katika barua moja. Mimi nilishanyamaza mara moja, siwezi kukuchagulia. Andika utakachoona wewe. Chochote utakachokileta nitamsomea kama kilivyo, neno kwa neno, nimemtazama usoni. Lakini mikanda hiyo ikate.

Mungu akulinde kwenye miteremko yako yote, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye, hata anapokutwisha,
Dada yako.